Sura ya Nne: Ahadi Iwekwayo Chini ya Mlima

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari wa Kijerumani, Johannes Rebmann, akiwa safarini kutoka Rabai karibu na Mombasa kwenda nchi ya Wachaga, aliona mbele yake kitu cheupe kilichokaa juu ya mlima mrefu kama wingu lililokataa kuondoka, akamwuliza kiongozi wake kitu kile ni nini. Na yule kiongozi, ambaye hakuwa na jina la kitu asichopata kukikaribia, akamjibu kwa neno moja tu: baridi. Wataalamu wa Ulaya walibishana miaka mingi juu ya theluji ile, na wako waliokataa katakata kwamba yaweza kukaa karibu na ikweta. Lakini yule kiongozi hakuwa na haja ya mabishano, kwa maana alikwisha kuutaja mlima kwa sifa yake inayomhusu msafiri. Nchi ya Wachaga yenyewe ilikuwa imelipa gharama kubwa kwa kulijua neno hilo. Katika habari walizoandika Rebmann na mwenziwe Krapf mna kisa cha Rengua, mtawala wa Machame wa zama zilizotangulia kidogo, aliyetuma kundi la watu kwenda kuuchungua weupe ule kwa kutumaini kwamba huenda ukawa fedha. Akarejea mtu mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi hata mwisho wa maisha yake.

Wala sidhani kwamba watu wale walikosa ushujaa, maana mwoga hapandi juu ya mawingu kwa amri ya mtawala. Walichokosa ni habari, na zaidi ya habari walikosa shauri lililokatwa mapema, yaani kwamba vidole vikianza kufa ganzi msafara utageuka, iwe fedha imeonekana au haikuonekana. Shauri hilo lingekatwa Machame, penye moto na ndizi za kuchoma, lisingemgharimu mtu chochote. Lilipongojewa likatwe kule juu, hapakuwa tena na mtu wa kulikata.

Hilo ndilo neno la sura hii, na yote yanayofuata ni ufafanuzi wake. Watu wengi, wakisikia habari ya kujitayarisha kwa dharura za nyikani na milimani, hufikiri mara moja juu ya vitu: kamba, tochi, kisu, dawa na kiberiti. Vitu hivyo vina mahali pake, nami nitavifikia. Lakini dharura ina tabia moja ambayo vitu peke yake haviwezi kuishinda, nayo ni kwamba aghalabu humnyang'anya mtu akili kabla ya kumnyang'anya afya, hata akawa na tochi mkobani akapapasa gizani, na maji begani akafa kiu. Nahodha wa jahazi hangoji dhoruba imfikie ndipo ashauriane na mabaharia juu ya tanga. Tanga hushushwa wingu lingali mbali, kwa kanuni aliyorithi kwa waliomtangulia, na wakati upepo unapovuma kwa nguvu zake zote, lililobaki kwake ni kushika usukani tu. Basi na mwenye kwenda mlimani, msituni au jangwani hana budi kufanya vivyo hivyo: yale yote yatakayohitaji hekima ayaamue akiwa bado na hekima.

Nimeuchagua mlima wa Kilimanjaro kuwa mfano, si kwa sababu hatari zake ni kubwa kuliko za mahali pengine, bali kwa sababu unazipanga hatari hizo ngazi kwa ngazi, mfano wa mwalimu apangaye masomo. Kilele chake cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na pale mgandamizo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa pwani. Sehemu ya oksijeni katika hewa haikupungua, kwa maana huko kama huku ni kiasi cha moja katika tano. Kilichopungua ni hewa yenyewe, imekuwa nyepesi kama chai iliyoongezwa maji mara mbili, na mtu huvuta pumzi nzima akapata faida ya nusu pumzi. Mwili una uwezo wa ajabu wa kuizoea hali hiyo, lakini hauizoei kwa kuamrishwa. Huizoea kwa siku, na siku hizo haziwezi kununuliwa kwa miguu yenye nguvu wala kwa ujana. Ndiyo sababu matabibu wa milimani hutoa nasaha kwamba, akiisha kupita mita 3,000, mtu asilale usiku mmoja mahali palipozidi kimo cha jana yake kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku nzima pasipo kuongeza kimo cha malazi.

Sasa itazame njia ya Marangu kwa macho ya nasaha hiyo. Lango lake liko chini kidogo ya mita 1,900; kituo cha Mandara kiko kiasi cha mita 2,700, Horombo 3,700, na Kibo 4,700. Kutoka Mandara hadi Horombo ni mita elfu moja kwa usiku mmoja, na kutoka Horombo hadi Kibo ni elfu nyingine. Msafiri asiyejua huuona mpango huo kuwa wa starehe, kwa kuwa njia ni pana na vituo vina vitanda. Mwenye kujua huona kwamba starehe ya miguu imeficha haraka ya damu, naye hudai usiku wa pili wa kulala Horombo, mchana wake akipanda kidogo kuelekea kilele cha Mawenzi na kurudi kulala palepale. Usiku huo mmoja una thamani kuliko dawa nyingi, na watu wa mlima wameufupisha kwa maneno mawili ambayo kila mgeni hufundishwa kabla hajajifunza kusalimu: pole pole.

Maradhi ya mwinuko yana daraja zake. Daraja ya kwanza ni kuumwa kichwa, kukinai chakula, kichefuchefu, uchovu usio na sababu na usingizi wa mang'amung'amu; na dawa yake ni kutopanda zaidi mpaka yaondoke. Daraja za juu ni mbili, na kila moja yaweza kuua. Katika moja maji huingia mapafuni, na dalili zake ni kuhema hali mtu ameketi, kikohozi, midomo kugeuka rangi ya samawati, na mwishowe povu lenye wekundu wa damu. Katika nyingine ubongo huvimba, naye mgonjwa huyumba kama mlevi, husema maneno yasiyofuatana, kisha husinzia usingizi ambao si rahisi kuamshwa. Ziko dawa, na iko oksijeni ya chupa, lakini hizo zote ni za kununua muda tu. Tiba yenyewe ni kushuka, na kushuka saa ile ile, pasipo kungoja kupambazuke.

Na hapo ndipo ilipo hila ya maradhi haya, kwamba mgonjwa wa kichwa chenye kuvimba ndiye wa mwisho kujua kuwa anaumwa. Kwetu sisi Waswahili hila hiyo huongezewa nguvu na adabu yetu wenyewe. Mtu wa kwetu hata akiwa kitandani wiki ya pili, akiulizwa hali hujibu kwamba hajambo, salama tu, alhamdulillahi. Kisha baada ya kuulizana habari za watoto, za mifugo na za mvua, ndipo hunong'ona kwamba ila kifua kidogo. Adabu hiyo ni pambo zuri barazani, lakini mlimani ni pazia lililofunika hatari. Nimemwona kiongozi mmoja wa Marangu, mzee aliyeupanda mlima ule mara zisizohesabika, ambaye wageni wakiisha kufika mita 3,000 haulizi tena mtu hujambo. Hukutazama unavyokula, hukusikiliza unavyosema, na akiwa na shaka hukuomba utembee.

Tulikuwa watu watano wa Tanga, tulipokuwa chini ya uangalizi wa mzee huyo. Jioni ya kuamkia safari, baada ya mtori, tulikaa barazani pale Marangu, mlima umejifunika, nasi tukiwa na furaha kama watu waendao harusini. Akaja yeye akaketi, akaomba karatasi na kalamu. "Wazee wangu," akasema, "leo mna akili timamu. Siku tatu zijazo hamtakuwa nazo. Basi niazimeni hizi za leo, nami nitazitunza, nizitumie kwa ajili yenu huko juu." Kisha akatwambia tuandike kwa mkono wetu wenyewe mambo manne. La kwanza, kwamba yeyote atakayeumwa kichwa kwa maumivu yasiyopoa hatapanda kulala juu zaidi mpaka yamwishe. La pili, kwamba atakayeshindwa kutembea katika mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, atashuka saa ile ile, hata ikiwa usiku wa manane, wala hatashuka peke yake. La tatu, kwamba siku ya kilele, ifikapo saa mbili asubuhi, popote tulipo tutageuka. La nne, kwamba katika mambo hayo matatu neno la kiongozi halina rufani. Mwenzetu mmoja, ambaye ni mwalimu, aliuliza kwa mzaha kama mahari nayo iandikwe, tukacheka, tukatia sahihi zetu sote. Na yule mzee akaikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni mwa koti lake, upande wa moyo.

Usiku wa nne, kule Kibo, tuliamshwa saa tano ili tuondoke saa sita. Wasiopata kulala mahali pale hawajui jinsi kazi ndogo zinavyogeuka kuwa kubwa: kufunga kamba ya kiatu ni safari, na kuitafuta glavu ya pili ni kesi. Yule mwalimu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake, amevaa koti lake la sufu. Nami niliona, kwa mwanga wa taa ya kichwani, kwamba kifungo cha juu kimeingia tundu la pili, cha pili kimeingia la tatu, na hivyo hivyo hata chini, ukosi umepanda upande mmoja kama bega la mtu aliyebeba ndoo. Alikuwa akijaribu kuuingiza mguu wa kulia katika kiatu cha kushoto, kwa upole, pasipo hasira, akishindwa na kuanza tena. Nikamwuliza, "Vipi hali, mwalimu?" Akanijibu, "Salama tu, ndugu yangu, sijambo kabisa."

Mzee hakumwuliza neno. Alichora mstari vumbini kwa ncha ya fimbo yake, akamwomba aufuate. Mwalimu alipiga hatua mbili. Ya tatu ilimtupa ubavuni, akashika ukuta, akasema kwa ukali kwamba sakafu haiko sawa. Akaambiwa atashuka. Akakataa: alikuwa amelipa fedha zake, amekuja kutoka mbali, hakuumwa, na kilele kile pale. Ndipo mzee alipoitoa ile karatasi, akaikunjua, akaimulika kwa tochi. "Mwalimu, sahihi hii ni ya nani?" Akasema, "Yangu." "Basi huyu aliyetia sahihi ndiye tajiri wangu, naye ameniamuru nimshushe. Wewe wa usiku huu ni mgeni wangu tu, nakuheshimu, lakini amri sipokei kwako." Akamchukua yeye mwenyewe pamoja na wagumu wawili, kwa maana ndivyo wapagazi wa mlima ule wanavyoitwa, na jina hilo ni haki yao, sisi tuliobaki akatukabidhi kwa msaidizi wake. Walifika Horombo alfajiri. Nilisimuliwa baadaye kwamba mwalimu aliomba chai, akanywa kikombe kizima, kisha akalitazama koti lake kitambo, asiseme kitu, akavifungua vifungo vyote kimoja kimoja na kuvifunga upya. Halafu wakaendelea kushuka mpaka penye tabibu.

Nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu msomaji akiisha kukielewa, mengine atayapima mwenyewe kwa kipimo hicho hicho. Chukua baridi, lile neno la kiongozi wa Rebmann. Mwili wa mwanadamu hupenda kukaa karibu na nyuzi 37 za joto. Ukishuka chini ya 35, kwanza hutetemeka, na mtetemo huo ni kujitetea kwake. Kisha ulimi huwa mzito, vidole havitii, mtu hujikwaa pasipo kizuizi. Na mwishowe mtetemo hukoma, naye huona raha, na wako walioonekana wakivua nguo zao katika theluji kwa kudhani kwamba kuna joto. Asiyejua hufurahi aonapo mwenziwe hatetemeki tena, ilhali hiyo ndiyo saa ya kufanya hima: mtoe upepeni, mvue nguo zilizoloa, mweke juu ya godoro au majani hata mgongo wake usiguse ardhi, mfunike pamoja na mtu mwenye joto, na ikiwa fahamu zipo mpe kinywaji cha moto chenye sukari nyingi. Usimpe pombe, wala usimsugue mikono na miguu, maana damu baridi ya viungoni ikirudishwa moyoni kwa ghafla yaweza kuusimamisha.

Adui mkubwa hapa ni maji kuliko theluji, kwa kuwa maji hunyang'anya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa. Shati la pamba ambalo ni rafiki wa mtu wa pwani hugeuka kuwa hasimu likiloa mlimani, kwani huyashika maji na kuyagandamiza kifuani; sufu, hata ikiwa na unyevu, huhifadhi joto kiasi. Wala hili si somo la theluji peke yake. Mvuvi ambaye ngalawa yake imepinduka katika bahari yetu hii ya vuguvugu, akikaa majini usiku kucha, hupoozwa kidogo kidogo na maji yale yale ambayo mchana wake watoto waliogelea kwa furaha. Na akipata kushikilia ubao na kutulia badala ya kupigana na mawimbi, huitunza akiba ya joto lake.

Ama vitu vya mkobani, nitavitaja kwa uchache. Taa ya kichwani na betri za akiba, na hizo za akiba zikae karibu na mwili, kwa maana baridi hunyonya nguvu za betri, za simu ya mkononi na za tochi kadhalika. Kwa hiyo asiitumainie simu yake mtu aliyeitia mfuko wa nje. Koti la mvua na sweta moja kavu lisilovaliwa ila pana dharura, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Maji katika vyombo viwili, ili kimoja kikipasuka kingine kibaki. Sukari na chumvi, kwa kuwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi humwokoa mwenye kuharisha pasipo duka wala zahanati. Kiberiti kisicholoa, kitambaa cha kufunga jeraha, na filimbi. Na kanuni ya kuvipanga vyote hivyo ndiyo ile ile: kipangwe kila kimoja kwa kumfikiria mtu mwenye mikono iliyokufa ganzi, usiku, katika mvua, ambaye hafikiri vizuri. Kitu kilicho chini kabisa ya mzigo, chini ya sufuria na mahema, si chako wakati huo. Na fundo linalokushinda kulifungua ukiwa na glavu, hukulifunga, umelijaza taabu.

Filimbi nimeitaja mwisho, nayo ingestahili kuwa ya kwanza. Sauti ya binadamu hukauka baada ya robo saa ya kupiga kelele, lakini filimbi hulia maadamu pana pumzi. Wapanda milima wa Ulaya walipatana tangu mwisho wa karne ya 19 juu ya ishara ya mwenye dhiki: milio sita katika dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha sita tena, na anayesikia hujibu kwa milio mitatu katika dakika. Usiku ishara hiyo hufanywa kwa taa vivyo hivyo. Aliyepotea katika ukungu wa nyanda za juu, akiisha kujua kwamba amepotea, jambo lake bora ni kuketi palipo na kinga ya upepo, avae kila alicho nacho, apige ishara yake na angoje, kwa sababu kila hatua apigayo kwa hofu humwondoa mahali ambapo wenziwe watamtafuta.

Lakini wenziwe watamtafutaje, kama hawajui kwamba amechelewa? Hapa wavuvi wetu ni walimu kuliko wasafiri wengi wenye viatu vya bei kubwa. Katika vijiji vya pwani, ngalawa ikitoka usiku, pwani nzima yajua nani amekwenda, kwenye mwamba gani, na kwa upepo huu atarudi wakati gani. Na jua likiisha kupanda kiasi fulani pasipo tanga kuonekana, wazee husimama, wasingoje kuombwa. Msafiri na aache nyuma maneno matatu kwa mtu mwaminifu: njia nitakayopita, saa nitakayorudi, na saa ambayo ukiwa hujaniona uanze kuhangaika. Watu wengi huacha mawili ya kwanza na kulisahau la tatu, na kwa kulisahau huwaachia ndugu zao usiku mzima wa kuambiana kwamba labda amechelewa njiani, tungoje asubuhi.

Wako wasomaji watakaosema kwamba hadhari nyingi namna hii humfanya mtu asifike popote. Nawajibu kwa habari ya wale wa kwanza waliojulikana kwa maandishi kuwa wamefika. Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu mwaka 1887 akashindwa na barafu ya Kibo, yaani sehemu ya juu ya mlima wenyewe, si kituo kile. Aliporudi mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, hakurudi na ushujaa zaidi. Alirudi na mpango. Aliweka kambi ngazi kwa ngazi kutoka Marangu, chakula kibichi kikiletwa kutoka chini, hata akishindwa mara moja asilazimike kushuka mpaka nchi ya ndizi ili ajaribu tena. Na katika kambi ya juu aliyekaa nao siku nyingi katika baridi ile, akiwapikia na kulinda akiba yao, alikuwa mtu wa pwani yetu, Mwinyi Amani wa Pangani. Tarehe 3 Oktoba wawili wale walifika ukingoni mwa shimo la Kibo, wakakiona kilele kwa macho yao, nao wamechoka na wakati umekwenda, wakageuka wakashuka. Waliweza kugeuka kwa sababu walijua kwamba chini yao upo moto, yupo Mwinyi Amani, na ipo siku nyingine. Tarehe 6 Oktoba wakasimama juu ya Afrika. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini ni vizuri mhunzi awe na koleo la pili.

Kumtaja Mwinyi Amani kunanikumbusha sharti la mwisho, ambalo wenye fedha hulisahau upesi. Msafara una kinga sawasawa na ile ya aliye dhaifu kuliko wote ndani yake. Ukiwa umevaa sufu juu ya sufu, na yule mgumu aliyeibeba hema yako kichwani amevaa viatu vilivyotoboka na fulana ya pamba, basi dharura yako imekwisha kupangwa, imebaki siku yake tu. Maana ndiye atakayeisukuma machela ya gurudumu moja ukianguka, na ndiye ambaye mikono yake itakushika. Kabla ya kuondoka langoni utazame miguu ya watu wote, si yako tu, na uulize nani atalala wapi na kwa blanketi gani. Hiyo nayo ni sehemu ya karatasi.

Mimi mwenyewe nilirudi Kilimanjaro mara ya pili, na mzee yule yule, na kabla ya safari tuliandika tena. Usiku wa kilele upepo ulikuwa mkali, tukaenda taratibu kuliko tulivyotazamia, na saa mbili asubuhi ikatukuta Gilman's Point, mita 5,680 na kitu, jua limekwisha kutoka nyuma ya Mawenzi, na njia ya kwenda Uhuru ikionekana wazi kando ya barafu, kiasi cha mita mia mbili tu za kupanda. Kichwa kilikuwa kikiniuma kidogo, wala si sana. Nilimwambia mzee kwamba sijambo. Hakunijibu, aliweka tu mkono wake juu ya koti lake, upande wa moyo, akanitazama.

Kilele sijakifikia mpaka leo. Karatasi ile aliniachia tulipoagana langoni, nami ninayo, imechakaa penye mikunjo na doa la mvua limeifuta nusu ya neno la pili. Huitazama pengine sahihi yangu chini yake, mwandiko umenyooka, herufi zimekamilika: ni mwandiko wa mtu aliyeshiba chakula cha jioni, asiyeumwa kichwa, aliyekuwa na akili za kutosha hata akamwazima mwingine.